Usiuze TV box ambayo hujaiangalia mwenyewe

Ndugu muuzaji, kabla hujaiposti hiyo TV box, ichomeke kwenye TV ya nyumbani kwako uangalie muvi nzima. Ikikukera wewe, itamkera na mteja.

"8K, RAM 16GB" iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Angalia haya:

1. Netflix: kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kuifungua, ila picha ikabaki 480p. Kwenye TV ya inchi 50 ni ukungu mtupu.

2. Usalama: kwenye mipangilio ya Play Store, angalia kama kimethibitishwa na Play Protect. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuwa baadhi ya hizi box huja na virusi tangu kiwandani.

3. Bando: Netflix ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa. Mwambie mteja mapema, lawama zisije kwako.

Mimi niliuza 5 bila kujaribu, zikarudi 3. Faida yote ikaishia kwenye kurudisha hela na kulipa bodaboda. Mteja mmoja mpaka leo hapokei simu yangu.

Bora uuze mbili za uhakika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.