Mwanafunzi Ashuke Garini, Atembee

Wahenga walinena kuwa mtembea bure si mkaa bure. Hata hivyo, ziara nyingi za kimasomo za shule za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, hazina matembezi ndani yake. Wanafunzi hupakiwa basini alfajiri, huchungulia nchi yao dirishani, hupigwa picha langoni, kisha hurejeshwa usiku bila swali hata moja vichwani.

Wasafiri wa jahazi katika visiwa vya Lamu hufanya kinyume. Chombo hungoja maji yajae, hupenya katika mkondo wa mikoko na kuwashusha kisiwani Manda, karibu na magofu ya Takwa. Kuanzia hapo ni miguu tu. Mgeni huuona msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara lenye maandishi ya karne ya 17, kisha huendelea hadi kwenye vilima vya mchanga vinavyoikabili bahari kuu. Njiani hukabiliwa na swali: kwa nini watu waliuhama mji imara wa mawe? Miongoni mwa sababu zinazotolewa ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Wakazi wake walihamia Shela, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Ni nani atakayelielewa jambo hilo vyema kuliko mtoto wa Eastlands, aliyezoea kupanga foleni, mtungi mkononi, mifereji inapokauka?

Watakuwapo watakaosema kwamba Lamu ni mbali na wazazi hawana fedha. Hoja hiyo ina uzito. Ziara ya gharama kubwa huwaacha nyuma wale wale wasiopata nafasi nyingine ya kusafiri. Lakini somo la Takwa halihitaji jahazi. Mto Nairobi, unaopita Gikomba na Dandora ukibeba taka zetu, huungana na Mto Athi. Maji hayo huporomoka Fourteen Falls, karibu na mlima Ol Donyo Sabuk wenye kimo cha mita 2,145. Mbele zaidi mto huitwa Galana, kisha Sabaki, nao huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mwanafunzi atakayeshinda siku moja akitembea huko, chini ya uangalizi wa walimu, atayaona maji ya mtaani kwake yakielekea kwa watu wengine. Hapo atauliza mwenyewe ni nani anayeyachafua, na ni nani anayeyanywa.

Yafaa basi walimu wakuu watenge siku moja kila muhula kwa matembezi ya karibu, yenye ada ambayo kila mzazi ataimudu. Kila mwanafunzi na abebe daftari, naye asirudi bila swali lake mwenyewe. Mtihani hupima majibu. Lakini mji uliokosa maji matamu, uwe Takwa au Dandora, huokolewa na watu waliojifunza kuuliza mapema.