Kicheko cha Kuazima: Mgeni na Vioja vya Japani

Methali isemayo tembea uone haikutaja mtembezi aone kwa macho ya nani. Suala hili hudhihirika katika masimulizi ya wageni wakaao Japani, utanzu uliokwisha kujijengea mapokeo yake, kiasi kwamba msomaji aweza kubashiri yaliyomo kabla ya kufunua ukurasa wa pili. Kutakuwa na mashine za kuuzia vinywaji zilizosimama hadi vichochoroni, chai na kahawa moto zikiwa na alama nyekundu, vya baridi vikiwa na alama ya buluu. Kutakuwa na choo chenye vitufe vingi kuliko redio, kinachorusha maji na kupasha kiti joto. Kampuni ya TOTO ilianza kukiuza kwa jina la Washlet mwaka 1980, na mwaka 1988 ikaleta kidude kinachotoa sauti ya maji yatiririkayo ili sauti nyingine zisisikike nje. Wala hakosi mgeni aliyezisahau ndara za msalani miguuni, akarejea nazo sebuleni mbele ya wenyeji wanaoumana midomo.

Vioja hivi ni vya kweli, na anayevicheka hana hatia. Tatizo ni kwamba kicheko chenyewe aghalabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekulia Ulaya au Marekani, kwa kipimo cha kwao. Mwanafunzi Mkenya apatapo ufadhili wa kusomea Tokyo au Kyoto huwa amekwisha kukisoma. Huteremka kwenye ndege akiwa na orodha ya mambo ya kustaajabia, akayastaajabia moja baada ya jingine, na yale ambayo pengine yeye peke yake angeyaona yakampita.

Orodha hiyo ni kongwe. Mwaka 1890 Mwingereza Basil Hall Chamberlain, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu mjini Tokyo, alichapisha Things Japanese, kitabu kilichopangwa kama kamusi. Mna humo ingizo zima kuhusu mambo yafanywayo kichwa chini miguu juu: maseremala wa Japani, mathalani, huvuta msumeno kuelekea kwao badala ya kuusukuma. Hata hivyo, Chamberlain alikuwa na uadilifu wa kumtaja pia bibi mmoja wa Tokyo aliyetaka kujua kwa nini wageni hufanya mambo mengi kinyumenyume. Walioirithi orodha walimsahau bibi huyo.

Mtu wa Lamu au Mombasa haoni kioja katika nyumba ambamo viatu huachwa mlangoni. Mjapani amwitapo mtu kwa mkono, hugeuza kiganja chini na kukunjakunja vidole. Mmarekani hudhani anafukuzwa, na huenda akaondoka kweli, ilhali Mkenya husogea bila kufikiri kwa kuwa ndivyo nyanya yake alivyomwita. Kadi ya jina hupokelewa kwa mikono miwili, na katika jamii nyingi za Kenya mtoto apokeaye kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja tu huambiwa hakufunzwa.

Katika lugha, pengo hili huwa pana zaidi. Vitabu vya Kiingereza vya kufundishia Kijapani huhangaika na otsukaresama, neno waambianalo wafanyakazi jioni. Kimoja husema ni pongezi, kingine husema ni kumkumbusha mtu kwamba amechoka, na kingine hutangaza kwamba halitafsiriki. Kwa Kiswahili ni pole na kazi, basi. Asimamaye mlangoni na kupaza sauti gomen kudasai, akifasiriwa neno kwa neno, huonekana kuomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalitenda, na mgeni hucheka. Mswahili angesikia hodi. Mwenye duka asemaye irasshaimase kila mteja aingiapo anasema karibu. Anayekiendea Kijapani kwa kupitia Kiingereza, hali ana Kiswahili mkononi, ni kama atokaye Malindi kwenda Lamu akapitia Nairobi.

Si kwamba Wajapani ni Waswahili waliopotea njia. Yapo yanayomshangaza Mkenya kikweli, na hayo ndiyo angepaswa kuyaandika. Aliyezoea matatu isiyong'oa nanga mpaka ijae atakuwa na lake la kusema juu ya Novemba 2017, pale waendeshaji wa reli ya Tsukuba Express walipoomba radhi hadharani kwa sababu treni moja iliondoka stesheni sekunde 20 kabla ya wakati wake. Atamwona pia dereva wa treni mwenye glavu nyeupe akiinyoshea taa kidole na kutamka kwa sauti kile akionacho, naye yu peke yake. Mwenye orodha huandika kwamba dereva huyo anaongea na hewa, akaligeuza jani. Lakini aliyekulia Kenya amemsikia utingo akigonga ubavu wa gari mara mbili ili dereva aende. Anajua kwamba chombo huendeshwa kwa ishara, na yamkini atauliza hii ni ya nini. Taa iliyoonwa mara elfu hukoma kuonekana. Mkono unaonyoshwa na sauti inayorudi masikioni mwa msemaji humlazimisha kuitazama upya.

Kinachochekwa kuliko vyote ni Kiingereza cha Wajapani. Mwaka 1958 Imperial Hotel ya Tokyo ilipoanzisha mlo wa kujipakulia, iliuita baikingu, jina lililotokana na maharamia wa kale wa Skandinavia, na hadi leo Mjapani huenda baikingu kula ashibe. Manshon si kasri bali ni nyumba ya kupanga au kununua ghorofani. Kompyuta ya binafsi ilikatwa mikia ya maneno yake ikawa pasokon, ikapelekwa kazini, huku wanaisimu wa Afrika Mashariki wakiendelea kuamua kesi ya tarakilishi na ngamizi. Mwingereza na acheke, maneno yalikuwa yake. Lakini mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili anayecheka hoteru, basu na shatsu hajazitafakari hoteli, basi na shati. Lugha hizi mbili zina mazoea mamoja ya kumpokea mgeni: humvika irabu kwanza, ndipo humketisha.

Tena zina mgeni mmoja. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakafika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani, mwaka 1543. Kote kuwili waliacha jina la mchezo: Kiswahili kina karata, Kijapani kina karuta. Karuta ichezwayo Mwaka Mpya ni ya mashairi 100 ya washairi 100. Mmoja hughani, na wachezaji huwania kuinyakua kadi yenye sehemu ya mwisho ya shairi hilo kabla hajaifikia. Kila shairi kwa kawaida huwa na mizani 31, zikigawanywa 5, 7, 5, 7 na 7. Hata maonyo ya barabarani, kama lile limkatazalo mtoto kukurupuka mbele ya gari lisiloweza kusimama ghafla, hutungwa kwa mizani 5, 7 na 5. Mgeni asiyejua kuhesabu mizani hupita hapo asione kitu, akaenda kupiga picha ya choo.

Upande wa pili haujalala. Chuo Kikuu cha Osaka kina programu ya Kiswahili iliyotoka katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka vyuo hivyo vilipoungana mwaka 2007, hivyo wapo Wajapani waisomao Kenya kwa Kiswahili. Atakaye kuisoma Japani kwa Kiswahili atasoma nini? Mapokeo hayakosekani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, ambamo Selim bin Abakari anaisimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mhariri alikuwa Mjerumani, lakini jicho lilikuwa la Selim. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingefanya jambo la maana kuwatafuta Wakenya waliorudi kutoka Japani na kuwadai makala, kwa sharti kwamba yawe ya Kiswahili tangu rasimu ya kwanza.

Kwa sasa, Kijapani kinachosikika sana nchini Kenya ni cha magari. Mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, yakaja na sauti zake. Dereva wa Nairobi aliwashapo gari asubuhi, bibi asiyeonekana humwarifu kwa adabu nyingi kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa mahali pake. Wapo waliomsikia kila siku kwa miaka sita. Wengine humwitikia, "Sawa, mama," wakatia gia.