Viazi Vidogo vya Jikoni

Wasomaji wa Kombewa wajua jinsi kiangazi kikaushavyo marando ya viazi vitamu, hata mvua za Machi zinyeshapo mtu hana cha kupanda, huenda kuombaomba kwa jirani aliye na bustani kando ya mto. Basi vile viazi vidogo ambavyo jikoni hutupiwa mbuzi visitupwe. Chagua vizima visivyo na fukusi (huyu ndiye adui mwenyewe), uvifukie katika beseni la mchanga mkavu, mahali penye ubaridi. Mwanzo wa Januari vipande karibu na nyumba, uzungushe ua kwa sababu ya kuku, ukivinywesha maji yaliyooshea mboga. Baada ya majuma 6 hadi 8 kata marando, kila kipande sentimita 30. Acha kisiki kidogo juu ya udongo: fukusi hukaa huko chini, nacho kisiki kitachipuka tena.