Bwawa la Mwache: ufunguo wa mitambo atashika nani?

Mwishoni mwa Julai 2023, wateja wa Kenya Power walikuwa na pesa kwenye simu lakini tokeni hazinunuliki. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilimiminia mitandao maombi mengi kwa mpigo mpaka ikalemewa. eCitizen ikazimika, na wasafiri wa Madaraka Express wakahangaika na tiketi. Kundi hilo lilidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Ugomvi uko Khartoum, anayekaa gizani ni muuza viazi karai wa Ukunda!

Siku zile kilichokwama ni malipo tu. Nyaya zilikuwa na umeme wake. Kinachonitia hofu ni hatua inayofuata: mtu kuingia kwenye kile kikompyuta kinachoamuru pampu iwake, vali ifungwe, klorini izidi au ipungue. Mitambo ya maji siku hizi huweza kuangaliwa kwa mbali kupitia intaneti, na faida yake ni kubwa, kwani fundi huona bomba linavuja kabla hajapanda pikipiki. Lakini mlango anaoingilia fundi ndio huo huo wa mwizi.

Novemba 2023 yaliufika mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wadukuzi waliohusishwa na Iran waliteka kifaa kilichosimamia presha ya maji katika kituo kimoja cha pampu. Mji huo haukuwa na kosa lolote, ila kifaa chake kilitengenezwa Israel. Wakuu wa usalama wa Marekani walieleza kwamba vifaa vya aina hiyo viliachwa wazi kwenye intaneti na nywila ya kiwandani, 1111. Moja nne! Hata simu ya mtoto ina nywila bora kuliko hiyo. Maji hayakuharibika, kwa sababu wafanyakazi walizima mtambo na kuendesha pampu kwa mkono.

Hapo kwenye mkono ndipo ninapotaka tutazame kwetu. Bwawa la Mwache, kule Kinango, linajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili liinyweshe Kwale na Mombasa. Mjadala wake mwingi umekuwa wa fidia ya mashamba, na wenye mashamba wana haki. Ila mitambo nayo ina maswali yake. Je, itaunganishwa na intaneti ya wazi? Mkandarasi akishaondoka, nywila zitabaki na nani? Na vijana wetu watafundishwa kufungua vali kwa mkono, au tutasubiri mtaalamu apande ndege?

Hoteli za ufuoni zina visima na jenereta zao. Mkaazi wa Gombato mfereji ukikauka humngoja mwenye mkokoteni na mitungi, kwa bei atakayotaka yeye.

Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, ambayo sisi twaijua zaidi kwa kukamata mabloga, ina vifungu vya kutangaza mifumo kama hii kuwa miundombinu muhimu na kuikagua. Wawakilishi wetu wa Kwale wadai ukaguzi huo sasa, kabla mkandarasi hajakabidhi kazi. Kubadilisha nywila hakugharimu hata shilingi, na gurudumu la kufungulia vali kwa mkono ni rahisi kuliwekea nafasi wakati zege bado linamwagwa.