Wambuti si Watu wa Kutazamwa

Kuna watu wanaosema: vita ikiisha Ituri, tulete watalii; Wambuti watawachezea ngoma, watawauzia nguo zao za magome, na umaskini utakwisha. Neno hilo ni tamu, lakini lina mwiba ndani. Sisi tunasema hivi: kazi ya mikono ya Wambuti inastahili soko kubwa, lakini Wambuti wenyewe si bidhaa.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwanaume hubandua gome la mti, hulilowesha, hulipiga kwa nyundo mpaka linakuwa laini kama kitambaa. Kisha mwanamke hulichukua. Huchanganya maji ya tunda la msituni na makaa, akachora kwa kijiti au kwa kidole: mistari, vitone, na nafasi anazoziacha tupu kwa makusudi. Hapimi kwa rula, wala hanakili kitabu. Magome hayo leo yametundikwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Lakini soma kibao kilicho chini yake: mara nyingi utakuta jina la kabila tu, jina la mama aliyechora halipo. Mchoraji wa Ulaya ana jina, wa kwetu ana kabila. Je, hiyo ni haki?

Wengine wanatujibu: «Jina lina faida gani? Mpe mama huyo chumvi na sabuni, atafurahi.» Hapana! Kitu kisicho na jina la aliyekifanya, bei yake hupangwa na mchuuzi. Jina likiandikwa, mnunuzi atauliza kama mama huyo ana kazi nyingine. Hapo bei itapanda, na binti yake ataona sababu ya kujifunza.

Wengine wanasema: «Mgeni hataki gome, anataka kuwaona wale watu wafupi.» Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana wa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na watu wakaenda kumtazama. Mwaka 1916 alijiua. Mtu asiseme hayo ni makosa ya Wazungu wa zamani tu. Mwaka 2007, ng'ambo ya mto, Brazzaville, wanamuziki Wapigme walioalikwa kwenye sherehe kubwa ya muziki walilazwa katika hema ndani ya bustani ya wanyama. Waliowaweka humo ni Waafrika kama sisi.

Tena, pasipo msitu hapana gome. Huko Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Batwa walifukuzwa katika nchi ya wazee wao. Wageni wakalipa kuwaona gorila. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Katika Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, Wambuti bado wanakaa na kuwinda, lakini wachimba dhahabu wameingia. Tunayo sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda haki za Wapigme. Sheria iliyofungiwa sandukuni hailindi hata mti mmoja.

Basi tunataka nini? Bei ipangwe na wanawake wenyewe. Jina la mchoraji liandikwe juu ya kila gome. Ngoma ichezwe siku wanayotaka wao, si kila mara gari linapopiga honi. Na faranga zihesabiwe mbele ya macho yao.

Wala tusiwangojee watalii. Mwezi wa Juni 2012 waasi waliishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14. Mgeni hafiki penye bunduki. Lakini gome ni jepesi, linakunjwa, linaweza kusafiri mpaka Kisangani, Kinshasa na Kampala. Soko lianze sasa, na mgeni akija siku ya amani alikute limesimama, nalo lina wenyewe.

Ninyi wafanya biashara wa Mambasa na Bunia, ninyi walimu, ninyi wakubwa wa serikali: mara nyingine mnapolishika gome mkononi, ulizeni kwanza ni nani aliyelichora, na alilipwa kiasi gani.