Tovuti ni kama lori: ulizia spea kabla ya rangi

Wasomaji wetu wa Mwanjelwa, Uyole, Mafinga na Ilula wamezoea kukuta hapa bei ya gunia la mahindi, debe la viazi na tenga la nyanya. Wiki hii tunawaomba radhi. Bei tunaziweka kando kidogo, kwa sababu ipo bidhaa nyingine iliyoingia kwa kasi katika soko la Nyanda za Juu Kusini, na wengi wanaitolea fedha bila kuipima kwenye mizani. Bidhaa hiyo ni tovuti.

Si ajabu siku hizi kumwona kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), au mojawapo ya vyuo vya Iringa, akiingia kwenye duka la pembejeo na kompyuta yake begani. Anamweleza mwenye duka kwamba biashara isiyo na tovuti haina maisha. Kisha anataja majina: React, Next.js, Laravel, Flutter. Mwenye duka anaitikia kwa kichwa, maana hataki kuonekana mshamba, na kabla ya chai kupoa amekwisha kulipa nusu ya fedha.

Hatusemi kwamba kijana huyo ni tapeli. La hasha. Biashara kweli inahamia kwenye kompyuta, na wakulima wa mkoa wa Mbeya wameliona hilo kwa macho yao. Kakao ya Kyela na Rungwe imeingia katika stakabadhi ghalani na minada ya mtandaoni ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambako mnunuzi anaweza kutoa bei bila kukanyaga ghala. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam nazo zinanunuliwa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Anayedhani mambo haya ni ya watu wa Dar es Salaam peke yao amechelewa.

Tunachosema ni kimoja: mfanyabiashara asinunue jina la zana. Anunue tovuti kama anavyonunua lori. Hakuna msafirishaji wa mbao wa Mufindi anayenunua lori kwa kusifiwa rangi. Anauliza mambo manne: spea zinapatikana? Linakula mafuta kiasi gani? Breki zikoje? Na kadi ina jina la nani? Maswali hayo hayo manne yanatosha kwa tovuti.

SPEA

Fundi wa tovuti haanzi kila kazi kwa kuchonga ubao wa kwanza. Anatumia fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha kutengenezwa na watu wengine, kisha anajenga kazi yako juu yake. Ni kama chesisi ya Fuso: huyu ataiwekea bodi ya mbao, yule ataiwekea tangi. Kiunzi kinapunguza kazi na gharama, na hapana ubaya wowote katika kukitumia.

Taabu ni kwamba viunzi vya siku hizi vinazeeka upesi kuliko magari. AngularJS, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ilishangiliwa duniani kote. Ilipofika mwisho wa Desemba 2021, Google iliacha kuihudumia. Vue toleo la 2 nalo lilifikia ukomo wake tarehe 31 Desemba 2023. Create React App, kifaa ambacho wanafunzi wengi walijifunzia kuanzisha kazi za React, kilistaafishwa na wenyewe Februari 2025, wakashauri watu wasianzishe nacho kazi mpya.

Tovuti iliyojengwa juu ya kiunzi kilichoachwa haizimiki siku hiyo. Inaendelea kutembea, kama lori ambalo kiwanda chake kimefungwa. Siku ya kuharibika ndipo unapogundua kwamba spea hakuna, na kwamba fundi mpya anataka kuijenga upya kwa bei mpya.

Linganisha na zana ambazo vijana wengi huziita za kizee. Lugha ya PHP ipo tangu mwaka 1995. WordPress, inayotumia lugha hiyo, ilianza mwaka 2003, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Laravel, ambayo nayo imejengwa juu ya PHP, ipo tangu mwaka 2011. Kwa lugha ya soko, hizi ndizo Fuso. Fundi mmoja akihama Mbeya, wa pili yupo. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwa mwenye duka la kawaida.

MAFUTA

Lori lako unalijaza mafuta wewe. Tovuti inajazwa na mteja, kutoka kwenye bando lake. Jambo hili wauzaji wa tovuti hawalitaji kabisa.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme ukurasa wako una megabaiti 3, kwa sababu ya picha kubwa na mizigo ya JavaScript, na watu 200 wanaufungua kila siku. Hizo ni megabaiti 600 zinazotoka mifukoni mwa watu unaotaka wanunue kwako. Ukurasa wenye kilobaiti 300 ungewatoza megabaiti 60 tu kwa kazi ile ile ya kuonyesha bidhaa, bei na namba ya simu. Tena mtu wa Kilolo au Makete ambaye mtandao wake ni wa kusuasua hatasubiri. Atafunga ukurasa na kumpigia mwingine.

Aidha, kurasa nyingi za siku hizi hazikai mahali pamoja. Maandishi yanaletwa kutoka kompyuta moja ya ng'ambo, vipande vya programu kutoka nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao nchini ulizorota vibaya. Siku kama hiyo ukurasa mwepesi una nafasi ya kufunguka. Ukurasa unaosubiri vipande kutoka Ulaya na Marekani unabaki mweupe.

Tukumbuke pia kwamba M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikusubiri kila mtu awe na simu janja. Ilipita kwenye kitochi, kwa kubonyeza nyota na namba. Ilishika soko kwa sababu ilimfuata mteja pale alipo, na kifaa alichokuwa nacho.

BREKI

Anayeshuka Kitonga na shehena anajua thamani ya breki. Katika tovuti, breki ni marekebisho ya usalama yanayotolewa mara kwa mara na watengenezaji wa zana.

Desemba 2025 ilitangazwa kasoro katika sehemu ya React inayofanya kazi upande wa seva, na iliyagusa pia matoleo kadhaa ya Next.js. Mtu wa mbali asiye na nywila aliweza kuendesha amri zake ndani ya kompyuta inayohifadhi tovuti. Ilipewa uzito wa juu kabisa, 10 kwa 10. Dawa ilitolewa siku hiyo hiyo ya tangazo, lakini dawa humsaidia aliye na mtu wa kumpa. Tovuti ambayo fundi wake amekwisha kulipwa na kuondoka haikuwa na wa kumpa.

Mwaka 2024 lilitokea jingine. Tovuti nyingi duniani zilikuwa zikiazima kipande cha programu kutoka anwani moja iitwayo polyfill.io. Anwani hiyo ikauzwa kwa kampuni nyingine, na ilipofika Juni ikagundulika kwamba kipande kile kinawapeleka wageni kwenye kurasa za ulaghai. Tovuti zaidi ya 100,000 ziliguswa. Wenye tovuti hawakuwa wamebadilisha chochote. Aliyewaazima ngazi ndiye aliyebadilika.

Wala asije mtu akadhani kwamba kuchagua WordPress kunamwokoa. WordPress iliyoachwa mwaka mzima bila marekebisho, ikiwa imejazwa nyongeza za bure zilizookotwa huku na huko, ni mlango usio na komeo. Fuso nayo bila matengenezo inaua.

Zaidi ya hayo kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ukikusanya majina na namba za simu za wateja kwenye tovuti yako, dhamana ya kuzilinda ni yako. Kusema kwamba kijana wa kompyuta ndiye aliyejenga hakutakuondoa kwenye dhamana hiyo.

KADI

Hapa mwandishi anasema kwa kuungua. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulijaribu kuwauzia wateja wa Dar es Salaam mchele wa Mbarali kwa kupitia tovuti. Tulimlipa mtaalamu fedha ambayo ingenunua magunia 6 ya mchele huo huo. Tovuti ilipendeza, na oda za kwanza zikaja. Mwaka wa pili tulibadilisha namba ya simu, tukataka irekebishwe. Mtaalamu hakupatikana. Tukamtafuta fundi mwingine, naye akatuuliza swali moja: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Tulipochunguza tukakuta limesajiliwa kwa yule yule mtaalamu, na funguo zote anazo yeye. Kwa miezi kadhaa wateja waliendelea kupiga namba isiyopokelewa, hadi jina lilipokwisha muda wake na ukurasa ukatoweka. Tulikuwa tumenunua lori ambalo kadi yake ina jina la dereva.

Kosa lilikuwa letu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi hatukuandikiana hata karatasi moja. Majina ya .tz, ambayo yako chini ya usimamizi wa TCRA, yanaweza kusajiliwa kwa jina la mtu au la kampuni yake kupitia wakala. Sajili kwa jina lako na kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe. Nywila za mahali tovuti inapohifadhiwa uwe nazo, na nakala ya kazi yote uikabidhiwe kabla ya kulipa fedha ya mwisho.

JINSI YA KULIPA

Vijana watatujibu kwamba tunawarudisha nyuma. Watasema React na jamaa zake ndizo zinazowezesha mitambo ya kisasa, yenye stoo, oda na malipo yanayobadilika papo hapo. Katika hilo wana haki. Mwenye matawi matatu anayetaka kuona kila saa kilichouzwa Tunduma na Makambako anahitaji zaidi ya ukurasa wa matangazo, na alipe gharama yake. Lakini muuza pembejeo anayetaka ajulikane bei yake na mahali alipo hahitaji semitrela kubebea debe mbili za viazi.

Yapo pia mabadiliko ya bei. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na programu nyingine za akili mnemba zikafuata, kijana anaweza kuieleza kompyuta kwa maneno na kupata ukurasa wa kwanza ndani ya saa moja. Kwa hiyo gharama ya kujenga haina budi kushuka, na mfanyabiashara ana haki ya kuipunguza. Gharama ya kutunza haikushuka. Inawezekana hata imepanda, kwa sababu kuna kazi nyingi sasa ambazo aliyezileta hakuziandika kwa mkono wake, na zikiharibika hajui pa kushika.

Ushauri wetu basi ni huu: toa kidogo mwanzoni, toa sehemu ya pili siku ya kukabidhiwa funguo, na fedha inayobaki igeuze kuwa malipo ya kila mwezi ya matengenezo. Fundi atapata kipato cha kudumu, na hatakuwa na sababu ya kukimbia. Wewe utakuwa na mtu wa kumpigia simu siku kasoro ikitangazwa. Kijana wa MUST mwenye wateja 20 wanaomlipa kila mwezi hana haja ya kuzunguka mitaani akitafuta wa 21 wa kumlia nusu.

Kwa wawekezaji wadogo wanaofikiria kuweka fedha katika vikampuni vya vijana hawa, kipimo ni hicho hicho. Msiulize wamejenga tovuti ngapi. Ulizeni ni ngapi kati ya zile za miaka mitatu iliyopita zinafunguka leo, na ni wateja wangapi wanaendelea kulipia matengenezo. Atakayejibu kwa daftari mkononi anastahili mtaji. Atakayejibu kwa majina ya zana mpya, mwombeni arudi mwakani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye magunia na madebe yetu. Kwa leo, mwenye tovuti afanye jambo moja kabla ya kufunga duka: aifungue kwa simu ya mfanyakazi wake, siyo ya kwake, ahesabu sekunde, kisha aulize kadi ina jina la nani.