Daftari la Wiki: Aliyefika Asisikike

Bahasha na dirisha

Wanandoa waliotenganishwa na mipaka wamekuwa wakiuliza swali moja kwa miaka mingi: maombi ya viza ya mwenza yaende kwa posta, au mwombaji aende mwenyewe? Uingereza swali hilo lilikuwa na bei yake. Hadi mwishoni mwa 2018, mke au mume aliyekwisha kuingia nchini na kutaka kuongezewa muda aliweza kutia fomu na pasipoti kwenye bahasha akasubiri, au akaweka miadi na kufika katika ofisi kama ile ya Lunar House, Croydon, ambako mara nyingi jibu lilitoka siku hiyohiyo. Ada mwaka huo ilikuwa pauni 1,033, na aliyetaka kwenda mwenyewe aliongeza 610. Leo fomu hujazwa mtandaoni, nyaraka hupakiwa mtandaoni, na mara nyingi mwombaji huitwa kituoni kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeomba akiwa Dar es Salaam au Nairobi. Aliye nyuma ya dirisha ni mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi, hana mamlaka ya kukubali wala kukataa. Mwenye kuamua yuko mbali na jalada tu ndilo limfikialo. Kwa hiyo mwombaji anafika, lakini sauti yake haifiki, na hapo ndipo ninapoona dhuluma. Naamini mtu asinyimwe kuishi na mwenzi wake kabla hajaulizwa kile kinachotiliwa shaka.

Ndoa ndani ya jalada

Karatasi ina kazi yake, na pengine inaifanya vizuri. Tangu Aprili 2024, mwenzi aliye Uingereza anayeomba kwa mara ya kwanza kumleta mwenzake anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 iliyowekwa 2012. Hati za mshahara za miezi sita zikilingana na taarifa ya benki, jambo limekwisha. Cheti cha kupimwa kifua kikuu hakihitaji maelezo. Lakini kanuni zinataka pia ithibitike kwamba ndoa ni ya kweli na kwamba wawili hao wanakusudia kuishi pamoja, na hilo halijumlishwi kama mshahara. Mswahili huandikwa jina lake, la baba na la babu. Akiolewa habadilishi, anabaki binti wa baba yake. Afisa aliyezoea familia yenye jina moja la ukoo anaona watu wawili wasioshirikiana hata jina, na huenda cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed ilhali pasipoti inasema Muhammad. Tazama na fedha. Mume aliye ughaibuni hutuma matumizi kwa simu, na mara nyingi humtumia mama mkwe, kwa sababu mke anaishi kwa mama huyo na kumheshimu mama mkwe ni sehemu ya ndoa yenyewe. Kwenye orodha ya miamala, mama mkwe ni mtu mwingine kabisa na mke hajatumiwa hata shilingi. Swali moja tu lingemaliza shaka hizi zote, na mwenye jibu yuko hai, ana simu mkononi. Wahenga walisema msema pweke hashindwi, na jalada lisomwalo bila mwenyewe kuulizwa humpa afisa ushindi wa namna hiyo.

Pingamizi zenye uzito

Atakayenipinga kwa historia ana haki ya kusikilizwa kwanza. Kukutana uso kwa uso kuliwahi kuwa silaha. Januari 1979, katika uwanja wa ndege wa Heathrow, mwanamke wa Kihindi aliyekwenda kuolewa alipimwa ubikira kwa amri ya uhamiaji. Hadi kanuni ya “kusudi kuu” ilipofutwa 1997, waombaji walilazimika kuthibitisha kwamba hawakuoa au kuolewa ili waingie nchini, na majibu yao katika mahojiano yaligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Sitaki hayo yarudi. Ninachodai ni chembamba: shaka iliyotajwa iandikwe, mwombaji aijibu kwa maandishi au kwa video, na kumbukumbu ibaki ili mahakama iweze kuikagua. Atakayesema maofisa hawatoshi, na akumbuke kwamba wa kuulizwa ni wale tu wanaokaribia kukataliwa. Tena hawaombi bure: mwaka 2025 mwombaji wa nje alilipa ada ya pauni 1,938, na tozo ya afya 3,105 kwa viza ya miezi 33. Wapo wanaohofia ndoa za kughushi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mwenye kughushi ndiye hujipanga kwa karatasi safi kuliko wote, kwa hiyo swali la ghafla humtisha yeye zaidi ya mke wa kweli.

Lipo na jibu kwamba rufaa ipo. Ipo, na ada zake zinaunga mkono hoja yangu: kwa miaka mingi imekuwa pauni 80 kwa rufaa ya maandishi na 140 kwa ya kusikilizwa mbele ya jaji. Mahakama yenyewe inakiri kwamba kusomwa na kusikilizwa ni mambo mawili. Ila masikio hayo hupatikana baada ya kukataliwa, na katika miezi inayopita mtoto anajifunza kutembea bila mzazi mmoja kumwona.

Neno moja

Kwa sasa, mwombaji na aandike barua ya maelezo inayosema kile ambacho vyeti havisemi: kwa nini majina hayafanani, fedha zilipitia kwa nani na kwa sababu gani. Hata hivyo mzigo huo haukustahili kuwa wake peke yake, kwani hawezi kukisia kila shaka ya msomaji asiyemjua. Kanuni zilizopo tayari zinasema afisa anaweza kumwomba mwombaji waraka uliokosekana. Yangetosha mabadiliko ya neno moja, “anaweza” liwe “lazima”, na lihusu maelezo pamoja na nyaraka.